Kengele Zilizomsindikiza Hans Kinzler

Alverta Kinzler alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia akiwa karani wa hati za ardhi katika makao makuu ya wilaya, mahali alipozoea kuona watu wazima wakitokwa na machozi kwa sababu ya mpaka uliosogea hatua mbili. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na keki. Mwezi uliofuata ukoo ukamchagua kuwa katibu, kwa kuwa siku ya uchaguzi hakuwapo kujitetea.

Ukoo wenyewe haukuwa mdogo. Kila Jumapili ya pili ya Agosti walikusanyika watu wapatao mia tatu katika kiunga cha mialoni nyuma ya kanisa la Zionsthal, huko Pennsylvania. Walikula paja la nguruwe la moshi, na mayai yaliyolala kwenye siki ya bitiruti wiki nzima mpaka yakageuka zambarau, na pai ya molasi juu yake. Wakishashiba walikaa vitini kusikiliza hotuba juu ya Hans.

Hans Kinzler ndiye aliyewatangulia. Alivuka bahari kutoka Uswisi mwaka 1749, na kila mtoto wa ukoo, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, alikwisha kufundishwa mambo matatu kumhusu. Kwamba Hans alikimbia mateso kwa ajili ya imani. Kwamba alikuwa mtu mpole, asiyeweza kumdhuru hata nzi. Na kwamba siku alipoondoka kijijini kwao kengele za kanisa zililia tangu asubuhi hadi alipopotea machoni mwa watu. Bibi yake Alverta, kila alipofika hapo kwenye kengele, alitoa leso.

Mwenyekiti wa ukoo alikuwa Mahlon, binamu yake Alverta, aliyemzidi umri kwa miaka miwili na sauti kwa mengi. Maisha yake yote aliuza matrekta. Alikuwa mzee wa kanisa, na sebuleni kwake alitundika nembo ya ukoo aliyoinunua kwenye kibanda kimoja cha duka kubwa: simba mwekundu ameshika mundu. Simba yuleyule, kama Alverta alivyokuja kugundua, alitundikwa pia kwa fundi wake wa mabomba, ambaye kwao ni Ireland na jina lake ni Geraghty.

Mwezi wa Machi, Mahlon alimjia Alverta jikoni, akavuta kiti bila kungoja kukaribishwa.

"Binamu, nimekuletea habari njema. Jiwe liko tayari."

"Jiwe gani?"

"La Hans. Granaiti tupu. Mchongaji kamaliza jana."

Alverta aliacha kumenya viazi. "Si tulisema maneno ya jiwe tutayaamua kwenye kikao?"

"Na tutayaamua. Mimi nimechongesha tu, ili kikao kiwe na kitu cha kuamua."

Akatoa simu, akamwonyesha picha. Jiwe lilikuwa refu kama mlango, na juu yake herufi kubwa: HANS KINZLER, 1749. ALIIACHA NCHI YAKE KWA AJILI YA IMANI.

"Zuri," Alverta alisema, na kweli lilikuwa zuri.

"Ila kuna kajambo kadogo. Wale watu wa chama cha historia cha wilaya wanasema hawaliingizi kwenye orodha yao ya kumbukumbu mpaka waone hati. Nikawaambia, hati? Sisi tunaye Alverta."

"Hati ya kuonyesha nini?"

"Kwamba alikimbia kwa ajili ya imani."

"Na ikionekana hakukimbia kwa ajili hiyo?"

Mahlon alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mteja anayeulizia bei ya trekta bila kuwa na shamba. "Alverta, jiwe lina kilo mia tisa."

Basi ndivyo kazi ilivyoanza, kutoka jibu kwenda swali. Lakini Alverta hakuinung'unikia. Bibi yake alimfundisha kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ule unaofanana na ua wa miiba, na tangu astaafu hakuwa na mtu wa kumwonyesha elimu hiyo isipokuwa paka.

Alianza na orodha za meli. Enzi hizo kila mwanamume aliyeshuka Philadelphia kutoka nchi za Wajerumani na Waswisi alipelekwa mbele ya hakimu kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Aliyejua kuandika alitia sahihi. Asiyejua aliandikiwa jina na karani, naye akaweka alama yake. Baada ya siku nne mbele ya mashine ya kusomea nyaraka zilizopigwa kwenye filamu, Alverta alimpata Hans, wa kumi na saba kutoka juu. Hakuweka msalaba kama wenzake. Alichora reki: mpini mmoja na meno matatu, na jino la katikati fupi. Alverta akakigusa kioo pale penye reki. Miaka sabini na mmoja anamsikia mtu huyu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu kilichotoka mkononi mwake.

Kutoka hapo alikwenda kwenye daftari la ubatizo la kanisa lao wenyewe, ambalo lilikuwa limelala kabatini chini ya mapambo ya Krismasi. Humo alipata mambo mawili. La kwanza lilikuwa ukurasa mmoja wa mwaka 1751, ambao aliutazama kwa muda mrefu, akaupiga picha, akanyamaza nao. La pili lilikuwa neno dogo pembeni mwa jina la Hans: Oberlauben. Ndicho kijiji alichotoka.

Aliandika barua pepe huko Oberlauben, kwa adabu zote za Kijerumani alizojaliwa. Jibu lilikuja baada ya majuma matano, kutoka kwa mhifadhi nyaraka wa kijiji, mwanamke aitwaye Regula Amstad. Lilikuwa fupi.

"Bibi mheshimiwa," aliandika. "Hans Künzler tunaye. Tunaye sana. Nakuletea kurasa arobaini na sita za mwanzo."

Zilikuwa kumbukumbu za baraza la kanisa. Baraza hilo lilikuwa la wazee sita na mchungaji, waliokutana baada ya ibada kuwaonya walevi, wagomvi na wazinzi. Alverta alizichapisha zote, akaziweka mezani jikoni pamoja na kioo cha kukuzia maandishi, akasoma kwa wiki tatu. Paka alijifunza kulala mahali pengine.

Mwaka 1741, Hans Künzler aliitwa mbele ya baraza kwa kukaa kanisani kwenye benchi lililotengwa kwa msaga nafaka. Alijitetea kwamba benchi ni mti, na mti ni wa Mungu. Akaonywa. Mwaka 1742 aliitwa tena, kwa benchi lilelile. Alisema safari hii hakulikalia, alilisimamia. Mwaka 1744 mbuzi wake alikutwa makaburini. Akasema majani yale hayana mwenyewe aliye hai. Mwaka 1745 alimwita mke wa mchungaji bata bukini aliyevishwa lesi. Alipotakiwa kuomba radhi alikubali, akaomba radhi kwa bata bukini.

Mwaka 1746 palizuka shauri la mcheri, mti wa matunda ya cheri. Mti ulikuwa na mizizi kwa ndugu yake na matawi kwa Hans, na ndugu mtu alipoanza kuchuma, Hans alipanda juu akagoma kushuka. Alikaa huko siku mbili. Aliitwa mbele ya baraza. Akajibu kutoka juu kwamba yeye yuko tayari wakati wowote, ila waje wao. Karani aliandika, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka, kwamba kikao cha tarehe ishirini na tisa Juni kilifanyika chini ya mcheri, na kwamba mjumbe mmoja aliangukiwa na kokwa.

Hati ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1749. Kijiji kizima kilikutana kwa ajenda moja. Wakakubaliana kumchangia Hans nauli ya kwenda Amerika, kwa sharti kwamba asirudi, yeye wala uzao wake. Hans alikubali, naye akatoa sharti lake: Jumapili ya mwisho akae kwenye benchi la msaga nafaka. Akakubaliwa. Chini ya hati aliweka alama, reki ya meno matatu, la katikati fupi. Na chini ya alama hiyo karani aliongeza mstari mmoja: siku Künzler alipovuka daraja, kengele zote zilipigwa, na mchungaji akaruhusu ziendelee hadi saa sita mchana.

Alverta alivua miwani. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, kisha ghafla akaacha. Alikumbuka leso ya bibi yake. Alikumbuka pia kwamba yeye mwenyewe, kwa miaka kumi na moja, amekuwa akisahihisha tangazo la kanisa la kila wiki kwa kalamu nyekundu na kumrudishia mchungaji kwa posta. Hans wa hotuba za Agosti hakuwahi kumgusa moyo. Alikuwa kama picha ya kalenda. Huyu aliyepanda mcheri alimtambua, kama unavyotambua mwendo wa mtu wa kwenu kwa mbali.

Palikuwa na mstari mmoja zaidi aliourudia mara nyingi. Ulimhusu mke wa Hans, Verena, ambaye katika kurasa zote arobaini na sita ametajwa mara moja tu. Aliulizwa kama atafuatana na mumewe au atabaki. Yeye akauliza kama hiyo Amerika ni kubwa. Akaambiwa ni kubwa sana. Akasema basi atakwenda.

Siku iliyofuata Alverta alimwendea Mahlon, akamsomea yote pale sebuleni chini ya simba. Mahlon alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Huyo ni Hans mwingine," alisema baada ya kusomewa yote.

"Alama ni ileile."

"Reki? Binamu, kila mkulima ana reki."

"Yenye jino la katikati fupi?"

"Reki huvunjika meno." Akanyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. "Alverta, fikiri. Watu mia tatu. Mimi nimetoa hotuba ya Hans mara kumi na tisa. Nimeshawahi kulia ninaitoa. Bibi yetu amekufa akijua kwamba kengele zile zililia kwa huzuni."

"Kengele zililia. Hapo Bibi hakukosea."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Wewe uliniambia nilete hati, nami nimeleta."

"Nilikuambia ulete hati ya imani."

"Alisema mti ni wa Mungu," Alverta alijibu. "Hiyo ndiyo imani niliyoipata."

Mahlon aliitisha kikao cha dharura, na kwa kuwa jambo lilikuwa zito alilazimika kuwaita na wale wa kijitoni. Hapa ni lazima isemwe kwamba ukoo ulikuwa na pande mbili. Kule Uswisi jina liliandikwa kwa u yenye nukta mbili kichwani. Nukta zilipotelea baharini, na waliokaa kilimani wakajikuta ni Kinzler, waliokaa kijitoni wakajikuta ni Kunsler. Kila upande ulidai kwamba wenyewe ndio wazao wa mtoto wa kwanza wa Hans, na wale wengine ni wa mdogo. Kwa ajili hiyo, kwenye sherehe za Agosti, kulikuwa na meza za i na meza za u, na mtu aliyeoa kutoka upande wa pili alikula amesimama.

Msemaji wa kijitoni alikuwa Estella Kunsler, mfamasia mstaafu, mwanamke mwembamba aliyezoea kusoma maandishi ya madaktari na hivyo hakutishwa na chochote. Tangu Machi alikuwa akimpigia Alverta simu kila Jumatatu kudai jiwe liandikwe kwa u.

Walikutana katika chumba cha chini cha kanisa. Alverta alisoma kurasa alizozichagua, bila kutia chumvi, kwa sauti ya kusomea mipaka ya viwanja.

Estella ndiye aliyeanza. "Kwa kweli, ukiisikiliza vizuri, tabia hii ni ya kilimani."

"Kilimani?" Mahlon alisema.

"Sitaki kutaja majina. Lakini nani aliwashtaki wazee wa kanisa kwa ajili ya mahali pa kuegesha gari?"

"Sikushtaki. Nilitoa maoni kwa maandishi."

"Kurasa kumi na nne, Mwenyekiti."

"Na wewe, bibie, na ua wa jirani yako? Miaka mingapi mahakamani?"

"Ule ua uliingia kwangu inchi sita."

"Miaka tisa, Estella."

"Inchi sita ni inchi sita."

Kisha Estella alikunja mikono yake mezani vizuri, akasema kwa upole ambao hakuna mtu wa kilimani aliyewahi kuusikia, "Sisi wa kijitoni tumekuwa wakaidi. Tuko tayari kukubali sasa kwamba nyinyi ndio wazao wa mtoto wa kwanza. Hans ni wenu kabisa. Sisi tutaridhika kuwa jamaa wa mbali."

Mahlon hakuwa mtu wa kuuziwa trekta bovu. "Hapana, hapana. Heshima hiyo hatuistahili. Babu yangu alikuwa akisema, u ndiyo iliyo karibu zaidi na jina la asili."

"Babu yako alimtupia mjomba wangu bakuli la kabeji kwa kusema hivyohivyo."

"Alikuwa kijana."

Wakaendelea hivyo kwa muda wa saa nzima, wakisukumiana mzee wa watu kama sahani yenye kipande cha mwisho kilichoingia nzi. Alverta akaona imetosha. Alifungua bahasha, akaweka mezani picha ya ule ukurasa wa mwaka 1751.

"Hao hapo," alisema. "Jakob na Peter. Mapacha. Wamebatizwa siku moja, ukurasa mmoja, mchungaji mmoja. Jakob kaandikwa kwa i. Peter, mstari uleule, kaandikwa kwa u. Wino ni uleule. Na mchungaji hakuandika ni yupi aliyetangulia kuzaliwa."

Estella alivuta picha karibu. Mahlon aliivuta kwake. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za mababu, pande mbili za ukoo zilitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vichwa vyao karibu vigongane.

"Mchungaji mzembe," Estella alisema.

"Mlevi, nadhani," alisema Mahlon.

Katika hilo walielewana, na walipoelewana wakagundua ni jambo tamu. Ndani ya dakika tano walipitisha, kwa kauli moja, kwamba ripoti ya katibu imepokelewa kwa shukrani na ihifadhiwe kabatini. Alverta alikuwa amekaa na makabati miaka thelathini na minne. Alijua maana ya kuhifadhiwa.

Agosti ilipofika, jiwe lilikuwa limeletwa kiungani na kufunikwa turubai la kijani. Katika ratiba, katibu alipewa dakika tatu kati ya kwaya na pai, azitumie kuwashukuru waliotengeneza saladi ya viazi. Alverta alisimama mbele ya kipaza sauti na karatasi mkononi. Hakuwa amekusudia ushujaa wowote. Usiku kucha alilala vizuri. Ila alipowatazama watu wale, meza za i huku na meza za u kule, ilimjia kwamba katika kazi yake yote hajawahi kumnyima mtu hati iliyo na jina lake.

"Nashukuru kwa saladi," alisema. "Sasa nitawasomea kuhusu babu yetu."

Alianza na benchi. Kwanza hapakusikika kitu ila vijiko. Alipofika kwa mbuzi na majani ya makaburini, mzee mmoja wa miaka tisini na minne, Elwood, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kiti cha magurudumu, alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Lakini huyo ni baba yangu."

Hapo kicheko kikaanza. Waliocheka zaidi walikuwa wakwe. Wanawake walioolewa katika ukoo ule miaka hamsini iliyopita na kuvumilia kimya walishikana mikono, wakafuta machozi. Mmoja alisimama kabisa. "Alverta, mama, rudia hapo pa kuomba radhi kwa bata bukini," alisema, "huyu bwana wangu anajifanya amelala, na macho kayafungua." Alverta akarudia. Dakika tatu zikawa ishirini na tano. Aliposoma kuhusu kengele hakuna aliyetoa leso, lakini watoto waliokuwa wamepanda mialoni walipiga makofi.

Na aliposoma kuhusu Verena, wakwe walinyamaza wote kwa pamoja.

Mahlon alipanda jukwaani kuokoa alichoweza. Alisema kwamba historia ina sura nyingi. Alisema kwamba benchi liko kanisani, na mtu anayeteseka kwa ajili ya benchi la kanisa, kwa namna fulani, anateseka kwa ajili ya imani, na hivyo maneno ya jiwe hayana kosa. Mtu wa meza za u akasema yana kosa. Mtu wa meza za i, aliyekuwa akifikiri vivyo hivyo, akasema hayana kosa, kwa kuwa mtu wa u kasema yanalo. Pendekezo la kupiga kura likaungwa mkono. Ndipo likazuka swali kama wakwe wapige kura. Kisha swali kama wapigao kura wahesabiwe kwa kichwa au kwa upande. Pai ya molasi ilikaa juani mpaka ikaanza kutembea.

Mahlon alipokata tamaa na kurudi kwenye kiti chake cha safu ya mbele, alimkuta mzee wa kijitoni amekikalia.

"Samahani, ndugu, hicho ni changu."

"Viti ni vya kanisa," alisema yule mzee, akiendelea kula.

Watu wa karibu walikuwa wakimtazama kwa shauku kubwa. Akaenda kukaa juu ya sanduku la soda. Kikao kilivunjika saa kumi na moja jioni bila kura yoyote, na jiwe likabaki ndani ya turubai.

Kwa miezi miwili Mahlon hakumpigia Alverta simu. Kanisani alipita mlango wa pembeni. Alverta alijiambia kwamba hajali, na kila Jumapili alitazama mlango wa pembeni. Estella ndiye aliyempigia, kusema kwamba amemwachia jirani zile inchi sita. Halafu akasahihisha kwamba amemwachia tatu tu.

Siku moja ya Oktoba, mchana, Mahlon alibisha hodi jikoni. Safari hii alisimama mpaka akaambiwa akae. Alikuwa amebeba mtungi wa siagi ya tufaa aliyoipika mwenyewe, na aliuweka mezani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Uliniaibisha," alisema.

"Nilikuaibisha, kaka. Najua."

"Ungeniambia kwamba utasoma."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia," Mahlon alikubali. Akachezea kifuniko cha mtungi. "Kelele zilikuwa nyingi siku ile. Pale pa mcheri sikupasikia sawasawa. Alikaa juu siku ngapi?"

"Mbili."

"Na wale wazee walikwenda kweli kumsikiliza chini ya mti?"

Alverta alifungua droo, akatoa kurasa, akamsomea shauri la mcheri kutoka mwanzo. Mahlon alijikaza hadi kwenye lile kokwa. Kisha akainama, mabega yakamtikisika, akavua miwani na kuiweka karibu na siagi, na alipopata pumzi alisema, "Baba angepanda. Haki ya Mungu, Baba angepanda mti ule."

"Na wewe ungepanda."

"Kwa goti hili?" alisema Mahlon, akapangusa macho. "Ningepeleka ngazi."

Maneno ya jiwe yalimalizwa wakati wa baridi, kwa barua, maana hakuna aliyetaka kikao kingine. Mchongaji alisaga ule mstari wa imani ukaisha. Alverta akapendekeza kwamba mahali palipobaki wazi liandikwe jina la Verena. Akasubiri pingamizi. Barua zilirudi kutoka kilimani na kutoka kijitoni, na zote zilikubali. Hakuna mtu aliyekuwa na neno dhidi ya Verena. Kwa mujibu wa kumbukumbu za katibu, hilo ndilo pendekezo la kwanza la ukoo kupita bila mgogoro. Jina la ukoo liliandikwa kwa u yenye nukta mbili, ambayo haikumridhisha yeyote, na kwa hiyo ilionekana kuwa ya haki.

Mwezi wa Mei walikwenda kulisimamisha. Kreni ililining'iniza jiwe hewani, nao wakaanza kubishana litazame wapi. Watu wa kilimani walitaka litazame kilima. Estella alisema heshima ni litazame kijito. Mahlon alisema litazame mashariki, Uswisi iliko, na mtu akauliza kama si ndiko walikomfukuza. Alverta alikuwa amekaa kando kwenye kiti cha kukunja, na daftari lake magotini, akiandika nani kasema nini.

Mchongaji, ambaye hakuwa wa ukoo, alisubiri kwa muda wa sigara mbili. Kisha akamwashiria mwendesha kreni, wakalishusha likitazama barabara, akakusanya minyororo yake, akaondoka.